Alama ya Utosini

Jumatano asubuhi namba ilitoka, na kijiji kizima cha Kwesharo kikapiga vigelegele.

Elfu kumi na mbili na mia sita! Bwana Hoza, msimamizi wa kituo, aliisoma mara mbili kutoka kwenye kioo cha Mizani, mashine ya kukadiria wanyama, maana mara ya kwanza kelele zilimeza mwisho wake. Perere elfu kumi na mbili na mia sita katika msitu mmoja. Kwa sheria ya mavuno, mmoja katika kila watano angetegwa: elfu mbili mia tano na ishirini, mara nne ya msimu uliopita. Wategaji walikumbatiana pale uwanjani, kina mama wakaanza kuulizana nani ana sufuria kubwa ya makande, na mzee mmoja ambaye hakuwahi kumsalimu Namkunda tangu arudi kijijini alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Mwana wetu, umetuheshimisha."

Namkunda Mgonja alisema asante. Yeye ndiye aliyekuwa mhesabu wanyama wa kituo, na namba ile ilikuwa kazi yake ya miezi kumi na minne. Ilimpasa afurahi. Lakini tangu alfajiri kulikuwa na jambo likimsumbua, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, na kila alipoinama kuitafuta hakuiona.

Kwa asiyemjua, perere ni mnyama wa ukubwa wa paka aliyeshiba, hana mkia, makao yake ni juu ya miti mikubwa ya milimani, na manyoya yake ni mazito kuliko ya mnyama yeyote wa nchi hii. Mchana hulala. Giza likianza kuingia hulia, na kilio chake hakilingani kabisa na mwili wake: huanza kama mlango mbovu unaofunguliwa polepole, kisha hupanda, hupanda, mpaka mgeni aulize nani anachinjwa. Zamani watu walimwinda kwa ajili ya blanketi. Kisha ardhi ya bondeni ikakauka, vumbi jeupe likainuka, likaingia kwenye mapafu ya watu likakaa humo. Ikagundulika kwamba manyoya ya perere hunasa vumbi lile kuliko uzi wowote uliowahi kutoka kiwandani. Ngozi moja ilitosha vichujio vinne vya barakoa. Wazazi wa Namkunda walikufa bondeni kabla barakoa hizo hazijafika kwao, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuifanyia mzaha kazi hii.

Mamlaka ya Manyoya ilikuwa imetundika makasha elfu tatu juu ya miti ya Kwesharo. Kasha lilikuwa na sikio na koo, jicho halikuwa nalo. Lilimsikia perere akilia, likamjibu kwa sauti ya perere mwenziwe, naye kwa wivu alio nao juu ya mti wake akaja mbio kuona ni nani aliyemwingilia. Mlango ukajifunga. Asubuhi mtegaji alipita kwenye mstari wake, akamtoa aliyenaswa, akapeleka ngozi kituoni. Ndivyo ilivyokuwa msimu hadi msimu. Hata msimu ukifungwa makasha yaliendelea kulia kila jioni, ili wanyama wasizisahau sauti zake.

Ijumaa saa sita kamili mchana namba ingetiwa muhuri. Baada ya hapo makasha yangefunguka yenyewe, na yasingezima mpaka idadi itimie. Hakuna mkono wa mtu ulioweza kuyazima. Watu wa bondeni walikuwa wamekwisha kuchezewa sana na ahadi za watu wa milimani, ndiyo maana wakayatengeneza hivyo.

Jioni ile msitu ulilia kuanzia bonde hadi kilele. Watu walikula makande nje, wakinyamaza kidogo kusikiliza, wakicheka.

"Sikieni walivyo wengi!" mtu akasema.

Namkunda aliweka bakuli chini. Alikuwa ameipata ile punje ya mchanga. Kumi. Kati ya ngozi mia sita na thelathini za msimu uliopita, zenye alama zilikuwa kumi tu, na yeye alikuwa amewawekea alama perere mia mbili kwa mikono yake mwenyewe.

*

Alhamisi alfajiri alimfuata Shangazi Nanzia msituni.

Shangazi Nanzia alikuwa dada wa baba yake, mwanamke wa miaka sitini na minane, mkuu wa wategaji wote wa Kwesharo. Ndiye aliyempokea Namkunda akiwa na miaka tisa, yatima mwenye kikohozi, akamlea mpaka alipopelekwa shule ya mbali. Alitembea mbele na gambuti zake kuukuu, upanga mkononi, kamba ya katani kiunoni, na mdomo wake haukupumzika.

"Huna hata kikohozi sasa, lakini unahema kama mzee. Shule ndiyo inakufanya hivyo. Kukaa, kukaa, kukaa!"

"Shangazi, taratibu basi."

"Taratibu nimeiacha nyumbani, imelala."

Ilikuwa wiki ya majaribio, na makasha machache kwenye kila mstari yalikuwa yamefunguliwa ili bawaba zipimwe. Walipita saba yaliyo matupu. La nane lilikuwa limejifunga. Shangazi alifungua kamba, akalishusha polepole hadi kwenye majani, akachungulia. Maneno yakamwishia. Alipiga magoti, akaondoa kilemba chake, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwenzangu. Pole sana na msiba."

Kisha akafungua mlango.

Perere alitoka, akasimama kitambo kidogo akiwatazama. Utosi wake ulikuwa mtupu, unang'aa. Akapanda mti akapotea. Shangazi alishika ile kamba ya kiunoni, akapiga fundo moja pembeni ya mafundo mengine mengi, akavaa kilemba chake.

"Shangazi!" Namkunda alikimbilia shina la mti. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena? Humwoni kanyolewa? Huyo ni mfiwa."

"Huyo ana alama! Mimi ndiye niliyemnyoa!"

"Najua ni wewe. Nani mwingine?" Shangazi alimtazama kwa upendo mkubwa. "Mwanangu, siku ile tulipoanza kuwaona, niliwaita wategaji wote. Nikawaambia, mtoto wa kaka yangu kasoma mpaka basi, lakini mila ya kwao hajaisahau. Ameona tunaua mno. Ameona hawa waliobaki wamefiwa, akawanyoa, ili tuwatambue, tusiwaguse. Mfiwa hafungwi, hapigwi, hasumbuliwi, mpaka nywele zake ziote. Wote tukakubaliana. Isipokuwa yule mgeni wa mstari wa mwisho, yeye hakuelewa, aliua kumi kabla hatujamwambia. Nami nimengoja nywele zao ziote, hazioti kabisa! Nikasema, basi msiba wao bado haujaisha."

Namkunda alikaa chini kwenye majani yenye umande. Alikumbuka vizuri mno. Alikuwa ofisini, bondeni, na mchoro wa perere mbele yake, akitafuta mahali pa kuweka alama. Alichagua utosi kwa sababu mafundi wa manyoya hawaitumii ngozi ya kichwa. Akatafuta na dawa ya kopo, inayonuka karafuu na mafuta ya taa, ya kupaka ili nywele zisiote kwa miaka miwili. Aliona fahari kwa werevu wake. Hakukumbuka hata kidogo wembe baridi wa shangazi huyu huyu juu ya kichwa chake cha miaka tisa, siku ya matanga ya baba yake, wala zile wiki ambazo hakuna mtu kijijini aliyemkemea hata alipovunja chungu.

"Mmewaachia wangapi?" aliuliza.

"Mafundo yangu ni hamsini na saba na hili la leo. Wenzangu nao wana kamba zao." Shangazi alikunja uso. "Mbona unalia? Nimekosea?"

*

Nyumbani Namkunda alimwaga mahindi makavu kwenye ungo, akauweka kati yao. Alikuwa ameikusanya hesabu ya mafundo ya wategaji wote. Bila lile la asubuhi, msimu ulikuwa na mafundo mia moja na sabini.

"Haya mahindi ni perere," alisema. "Sijui ni wangapi, na siwezi kuwahesabu wote, wako juu ya miti. Kwa hiyo nawakamata wachache, nawatia alama, nawarudisha." Alitoa punje ishirini, akaweka maharage ishirini mahali pake, akachanganya kwa kiganja. "Sasa mtegaji anateka konzi moja. Teka."

Shangazi aliteka, akafungua mkono. Mahindi mengi, maharage matano.

"Maharage yakiwa mengi mkononi, maana yake nini?"

"Maana yake ungo ni mdogo," Shangazi akasema mara moja. Hakuwa mjinga hata chembe. "Yamekosa pa kujificha."

"Na yakiwa machache?"

"Ungo ni mkubwa. Yamepotelea kwenye mahindi."

"Ndivyo Mizani inavyojua. Haijui kitu kingine. Sasa toa maharage mkononi mwako, yarudishe kwenye ungo. Yote isipokuwa moja. Nionyeshe kilichobaki."

Shangazi aliyatoa, moja moja. Akatazama konzi yake ya mahindi na lile harage moja.

"Inaona ungo mkubwa kama shamba," alisema.

"Imeona perere elfu kumi na mbili."

"Wako wangapi?"

Namkunda alikuwa ameshapiga hesabu mara nne akitafuta kosa. Walionyolewa walikuwa mia mbili. Walionaswa kwa jumla, ukiweka na walioachiwa, ni mia nane, na kati yao mia moja na themanini walikuwa na alama. Mwanzoni mwa msimu walikuwa kama mia nane themanini na tisa. Waliochunwa ni mia sita na thelathini.

"Mia mbili hamsini na tisa," alisema. "Labda mmoja alinaswa mara tatu mkampigia mafundo matatu, sijui. Lakini hata nikikosea sana, Shangazi, hawafiki mia tano. Na mia moja na tisini kati yao ni wale niliowanyoa. Wengine karibu wote tumeshawaua. Kesho makasha yanataka elfu mbili mia tano na ishirini, na hayatazima."

"Wewe mtoto, hebu acha. Kila jioni nawasikia. Jana umewasikia mwenyewe, msitu mzima!"

"Yale ni makasha, Shangazi. Yanajibizana yenyewe kwa yenyewe."

Shangazi Nanzia aligeukia mlango. Alitazama nje, kwenye msitu uliolala kimya juani. Akavuta kanga usoni, akalia kilio kile cha mtu mzima, cha mabega tu, kisicho na sauti.

"Nilidhani natenda wema," alisema. "Tenda wema nenda zako, wanasema. Kumbe mimi ndiye niliyewaongeza kwenye kioo ili wauawe."

*

Njia ilikuwepo, na Namkunda aliiona mapema, hata kabla machozi hayajakauka.

Mizani ilitaka namba tatu tu: walionyolewa, waliochunwa, na waliochunwa wakiwa na alama. Ukiibadilisha ile kumi ikawa mia moja na themanini, ingetoa mia saba, na chini ya elfu moja makasha hufungwa kabisa, milango na sauti. Lakini kuibadilisha kulihitaji sababu. Kusema ukweli wote kulimaanisha kusema ni nani aliyewaachia wanyama, na Sheria ya Alama haikuwa na mwanya: aliyemficha au kumwachia mnyama mwenye alama alinyang'anywa kibali cha kuishi juu na kushushwa bondeni. Mtu wa miaka sitini na minane akishushwa kwenye joto lile na vumbi lile hamalizi misimu miwili. Namkunda alikuwa amewaona wakirudishwa ndani ya masanduku.

Kwa hiyo alasiri ile alichukua ufunguo wake, akaingia ghalani. Ngozi mia sita na thelathini zilining'inia kwa safu, zimetazama chini, zikingoja gari la mwezi ujao. Alitoa wembe na kopo la dawa kwenye mkoba wake. Angezinyoa ngozi mia moja na sabini, amwite Bwana Hoza, amwambie: tazama, tulihesabu vibaya, alama zilifichwa na mikunjo. Namba ingekuwa karibu na kweli. Wanyama wangepona, Shangazi angebaki kwenye baridi yake, na hakuna ambaye angeumia.

Alinyoa ya kwanza. Wembe ulipita kwenye ngozi kavu ukitoa sauti kama ya mtu anayekuna sufuria. Alinyoa ya kumi. Alikuwa ameshika ya thelathini na moja mlango ulipofunguliwa.

"Unawanyoa maiti?" Shangazi Nanzia aliuliza.

Namkunda hakugeuka. "Nakunyoa wewe usife."

"Geuka unitazame."

Akageuka. Shangazi aliingia, akarudisha mlango, akapita kwenye safu akigusa vichwa vilivyonyolewa kimoja kimoja. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomwuma Namkunda zaidi.

"Nani atajua?" Namkunda alisema. "Namba itakuwa ya kweli, Shangazi. Naapa. Nadanganya ngozi tu."

"Mimi niliwahurumia wachache nikanyamaza. Tazama nilichozaa. Sasa wewe unanihurumia mimi, unataka kunyamaza. Itazaa nini?"

"Itazaa perere hai!"

"Mwaka huu. Na mwakani? Wategaji wataendelea kuwaachia walionyolewa, kwa sababu hujawaambia. Mhesabu mwingine atakuja, atanyoa, atapata elfu ishirini. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na maradhi haya si yangu peke yangu." Alichukua ngozi mkononi mwa Namkunda, akaitundika mahali pake. "Halafu, siku utakaposema namba ya kweli, bondeni wakauliza, huyu si yule anayenyoa ghalani? Utawajibu nini?"

"Watakushusha!" Sauti ya Namkunda ilipasuka. "Utakufa kule. Nimezika baba, nimezika mama, wote kwa vumbi lile lile. Sitaki kukuzika wewe kwa sababu niliweka alama mahali pa kijinga. Kosa ni langu!"

"Ni lako. Na ni langu. Yaandike yote mawili." Shangazi alimvuta akamkumbatia. Alinuka moshi na majani mabichi, vilevile kama zamani. "Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini wewe lia tu leo, hakuna anayeona. Nipe huo wembe."

Namkunda alimpa. Alilia mpaka kanga ya Shangazi ikalowa, na hakuona mkono mwingine wa mwanamke yule ulivyofika kwenye meza na kulichukua lile kopo.

*

Ijumaa saa tano na nusu Shangazi Nanzia aliingia kituoni amejifunga kanga nyeusi hadi kichwani, na begani amebeba kamba za wategaji wote. Nje watu walikuwa wamejaa, wakisubiri muhuri. Namkunda alikuwa ameshasimama mbele ya Bwana Hoza na karatasi yake.

Alisema kila kitu. Alianza na alama ya utosini, kwamba aliichagua yeye na kwamba alipaswa kujua. Akaeleza mafundo. Akasema ngozi thelathini na moja ghalani amezinyoa yeye jana, na zisihesabiwe. Alipofika kwenye jina la aliyewaamuru wategaji kuwaachia wanyama, Shangazi akamalizia.

"Ni mimi. Wengine walinitii kwa sababu mimi ni mkuu wao. Hizi hapa kamba, hesabu mwenyewe."

Bwana Hoza alizihesabu. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mtu mbaya, na kila fundo alilopitisha kwenye vidole lilimzeesha kidogo.

"Bibi, unajua unachosema?" aliuliza. "Bondeni wameshaambiwa vichujio elfu kumi vinakuja. Wamefika hadi kuorodhesha majina ya watakaopewa."

"Na mwakani watawaorodhesha kwa manyoya ya nani?" Namkunda alisema. "Tukiwachukua hawa wa mwisho, bwana, hakuna barakoa tena. Si mwakani, si milele. Mimi nimekulia kwenye orodha hiyo. Najua ninachowanyima."

Hoza alifuta uso kwa leso. Kisha akaigeukia Mizani, akafuta kumi, akaingiza namba mpya na sababu yake. Kioo kilifikiri kidogo kuliko mtu anavyopepesa jicho. *Chini ya elfu moja. Makasha yafungwe.* Saa sita ilipogonga, muhuri ulishuka juu ya namba hiyo.

"Sasa sheria," Hoza alisema bila kumtazama mtu. "Mbonea, mchukue Bibi Nanzia. Gari la kushuka linaondoka saa nane."

Mbonea, askari wa kituo, kijana aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa Shangazi, alipiga hatua moja. Shangazi akaifungua kanga kichwani.

Alikuwa amenyoa. Utosi, kisogo, kila mahali, kichwa kidogo cheupe ambacho jua halikuwahi kukiona. Mbonea alisimama kama aliyegonga ukuta, akavua kofia.

"Bwana, siwezi," alisema. "Huyu ni mfiwa."

"Amefiwa na nani?"

"Na mia sita na thelathini," Shangazi akasema. "Na wa miaka iliyopita, ambao hatukuwahesabu."

Hoza alitazama mlangoni. Wote waliokuwa wakichungulia walikuwa wamevua kofia na vilemba. Alielewa kwamba Kwesharo nzima hangempata mtu mmoja wa kumshika mwanamke yule mkono.

"Mpaka lini?" aliuliza kwa uchovu.

"Mpaka nywele ziote, bwana," Mbonea alijibu. "Ndiyo mila."

"Basi nitangoja. Wiki tatu, nne. Sheria inaniruhusu kungoja." Alishika kalamu. "Mhesabu, wewe ni mtaalamu. Niandike nywele zake zitaota baada ya muda gani?"

Hapo ndipo Namkunda alipoisikia harufu. Karafuu na mafuta ya taa. Alitazama kile kichwa, akaona kinavyong'aa, na akakumbuka mkoba wake uliokuwa mwepesi asubuhi. Angeweza kusema wiki nne na kunyamaza. Angeweza kusema hajui. Shangazi alikuwa akimtazama kama alivyomtazama siku zile akimfundisha kukoka moto, bila kumsaidia.

"Amepaka dawa yangu, bwana," alisema. "Ile ya perere. Kwa mnyama ni miaka miwili. Kwa mtu hatujawahi kupima. Huenda zikachelewa zaidi."

Bwana Hoza aliinua kalamu. Alimtazama mhesabu ambaye asubuhi ile alijishtaki mwenyewe, akamshtaki na aliyemlea, na sasa amelisema na hili. Akainama akaandika, akisoma kwa sauti kila neno.

"Atashushwa nywele zitakapoota. Kwa maelezo ya mtaalamu, miaka miwili au zaidi. Kituo kitamkagua kila mwaka."

"Na kopo bado lina dawa," Shangazi Nanzia akasema.

"Hilo sikulisikia, Bibi," Hoza alijibu, akafunga daftari.

*

Jioni ile watu wa Kwesharo walitoka nje kama desturi, na hakuna aliyekumbuka kupika.

Makasha yalikuwa yamenyamaza. Giza lilianza kuingia kutoka bondeni, likapanda shamba kwa shamba hadi kwenye miti, na msitu haukusema kitu. Wapo watoto wakubwa pale ambao walikuwa hawajawahi kuusikia ukiwa hivyo. Mama mmoja alitoka kwake akikimbia, akauliza, "Jamani, nani amekufa?" Kisha naye akaketi pamoja na wengine.

Namkunda alikaa kizingitini kwa Shangazi, daftari magotini. Hii ndiyo njia ya zamani ya kuhesabu, kabla ya alama na vioo: unakaa, unasikiliza, unaandika kila sauti na upande ilikotoka. Haikuwezekana kwa miaka kumi na mmoja, kwa ajili ya kelele za makasha. Shangazi alijifunika kanga kichwani kwa baridi, kisha akaifunua, akasema inamziba masikio.

"Wembe uko wapi?" Namkunda aliuliza.

"Ndani. Kwa nini?"

"Na mimi nimefiwa."

Shangazi aliinuka. Aliingia, akatoka na wembe na maji ya uvuguvugu, akamnyoa pale pale kizingitini kwa mkono uleule wa zamani, na nywele zikaangukia kwenye daftari lisilo na kitu. Wembe ulikuwa baridi kama alivyoukumbuka. Dawa hakumpaka. "Zako ziote," alisema.

Nyota za kwanza zilipotokea, mbali, upande wa juu kabisa wa mlima, mlango mbovu ulifunguliwa polepole. Sauti ikapanda, ikapanda, ikakatika. Siku zote sauti kama hiyo ilijibiwa papo hapo kutoka miti mia. Sasa ilikaa angani peke yake, na yule mnyama, pengine naye akishangaa, akanyamaza kusikiliza.

"Pole," Shangazi Nanzia alisema kuelekea gizani.

Namkunda alipangusa nywele kwenye karatasi, akaandika: *mmoja, kaskazini.* Wakakaa wakimngoja wa pili.